Kiyoyozi, kipoza hewa au pangaboi? Pima kabla ya kununua mzigo

Joto linapopanda katika mwambao wa Afrika Mashariki, kati ya Desemba na Machi, viyoyozi na pangaboi hununuliwa kwa wingi. Hata hivyo, mashine inayouzika haraka mji mmoja inaweza kumtia hasara mfanyabiashara akiipeleka mji mwingine.

La kwanza ni hali ya hewa. Kipoza hewa kinachotumia maji hufaa penye hewa kavu, kama Dodoma. Mombasa, Tanga na Zanzibar hewa tayari ina unyevu mwingi, hivyo maji hayageuki mvuke vizuri na chumba hubaki na fukuto. Mteja wa huko anahitaji pangaboi au kiyoyozi.

Kuhusu gharama, pangaboi hutumia wati 50 hadi 75. Likiwashwa saa 8 hutumia takriban nusu uniti ya umeme. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutumia takriban wati 1,000, yaani uniti 8 kwa muda huo kikifanya kazi bila kupumzika. Vile vya inveta huwa ghali dukani lakini hupunguza matumizi, kwani kompresa hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka.

Kwa kawaida BTU 9,000 hutosha chumba kidogo cha kulala, na BTU 18,000 hufaa sebule. Nyumba ya bati isiyo na dari huhitaji zaidi. Kikubwa kupita kiasi nacho si kizuri, kwa sababu hupoza haraka na kuzima kabla ya kuondoa unyevu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni gesi. Viyoyozi vingi vya mitumba hutumia R-22, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya gesi za kundi hilo kwa asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na asilimia 97.5 ifikapo 2030. Maana yake gesi hiyo inazidi kuadimika, na mzigo wake unaweza kukwama mpakani. Ni busara kusoma kibandiko cha mashine na kumuuliza wakala wa forodha kabla ya kulipa. Mashine mpya nyingi hutumia R-410A au R-32. R-32 inaweza kushika moto, hivyo inahitaji fundi anayeifahamu.

Umeme wa Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240, hezi 50. Mashine ya volti 100 kutoka Japani itaungua ikichomekwa moja kwa moja.

Kwa wasafirishaji, sehemu ya nje ya kiyoyozi isimamishwe wima kwenye lori. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huhama. Ikitokea hivyo, isimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, la sivyo kompresa inaweza kufa siku ya kwanza, na mteja atadai fedha zake.