Mdudu wa Jino Hayupo

"Daktari, mdudu umemtoa?" Anayeuliza ni mama aliyembeba mtoto wa miaka mitatu, anayekiona kiti cha matibabu kwa mara ya kwanza na kukikataa kwa mayowe. Swali hili nimelichoka, na kwa kuwa wengi wanaolileta kliniki wanatoka mitaa ya Kongowea na Kisauni, Mombasa, nalijibu hapa.

Hakuna mdudu. Wanaodai kumtoa huchoma mbegu za tunguja, au za mmea wa jamii hiyo, wakamfunika mgonjwa shuka, moshi ukaingia kinywani, kisha akatema ndani ya bakuli la maji. Bakulini huonekana vijiuzi vyeupe vilivyojikunja, na hapo familia nzima huamini. Vijiuzi hivyo ni viini vya mbegu zenyewe: mmea mchanga uliojikunja ndani ya ganda, joto likilipasua ganda unachomoka. Mwenye shaka azichome juu ya bakuli la maji pasipo mgonjwa wala jino, aone "wadudu" wakitoka vile vile. Pierre Fauchard, daktari wa meno wa Paris, aliwatafuta kwa hadubini akawakosa, na akaliandika hilo mwaka 1728. Sisi bado tunawafukiza watoto.

"Lakini maumivu yalikoma!" Ndiyo, na hilo ndilo linalonitia hofu. Tundu likifika ndani, mshipa wa jino hufa, na mshipa uliokufa hauumi. Usaha unaendelea kushuka kwenye mzizi, chini yake jino la ukubwani likiwa bado linajengeka. Mzazi amelala akidhani amepona mwanawe. Na mtoto aliyefungiwa ndani ya shuka lenye moshi, pengine akaungua mdomo, atamfungulia vipi kinywa mgeni aliyevaa barakoa?

Kinachotoboa jino ni asidi ya bakteria wanaolishwa sukari: mabuyu mekundu ya kutwa, chai tamu kwenye chupa ya kulalia. Wala msiniambie ni meno ya utotoni, yataanguka. Magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10 au 12.

Sasa matayarisho ya kuja kliniki. Mleteni mtoto jino la kwanza likitoka, au kabla hajatimiza mwaka mmoja, wakati hakuna kinachouma. Mje asubuhi, ameshalala na kula, na kijitabu chake cha kliniki. Nyumbani mhesabuni meno kwa tochi, iwe mchezo. Neno sindano lisitajwe, hata kwa kuahidi kwamba hatadungwa, na msimtishe kwa daktari anapokataa kula. Mdogo nitamkagua akiwa mapajani mwa mamake; akilia, mniachie, kinywa cha anayelia kiko wazi. Mswaki mara mbili kwa siku, mkimpigia nyinyi wenyewe hadi afike miaka 7 hivi, kwa dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka mitatu, baadaye kiasi cha punje ya mbaazi. Tundu dogo huzibwa, si lazima kung'oa.

Shavu likivimba na mtoto ana homa, au hawezi kumeza, msingoje kliniki ya asubuhi. Vukeni daraja la Nyali usiku huo huo, mwende Hospitali Kuu ya Pwani, sehemu ya dharura.