KAURI KATIKA INJINI ZA NDEGE

Kila mfinyanzi ajua mambo mawili juu ya chungu. La kwanza, moto haukidhuru: chungu kilichochomwa vema hukaa jikoni miaka mingi bila kuyeyuka wala kushika kutu. La pili, kikianguka mara moja tu huwa vigae. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyowashughulisha wastadi wa injini za ndege tangu miaka ya 1940, na hata sasa kazi yao haijakwisha.

Katika injini ya jeti, hewa huvutwa kwa mbele, hugandamizwa kwa nguvu, kisha huchanganywa na mafuta na kuwashwa. Hewa ile ya moto, ikikimbilia nyuma, huzungusha gurudumu lenye mapanga mengi liitwalo turbini. Kadiri moto unavyozidi, ndivyo injini ipatavyo nguvu zaidi kwa mafuta yale yale.

Hapo ndipo penye shida. Katika injini kubwa za siku hizi hewa iingiayo katika turbini hupita digrii 1,500 za sentigredi, na mapanga hufanywa kwa mchanganyiko wa nikeli ambao huyeyuka kabla ya kufika digrii 1,400. Mapanga hayo husalimika kwa kuwa yana tundu ndogo ndogo ambamo hewa ya kupoza hupitishwa. Lakini hewa hiyo imekwisha kugandamizwa kwa gharama ya mafuta. Ni kama mtu atekaye maji kisimani kwa taabu, kisha akamwaga sehemu yake njiani ili nyayo zisiungue.

Kauri itakiwayo si ya udongo wa mtoni. Ni silikoni kabidi, yaani silikoni, ambayo asili yake ni mchanga, iliyounganishwa na kaboni, ambayo ndiyo asili ya makaa. Mafundi wameijua muda mrefu katika mawe ya kunolea na misasa. Uzito wa kauri ya injini ni kama theluthi moja tu ya ule wa nikeli, nayo huvumilia moto wa digrii 1,300 hivi.

Udhaifu wake ni ule ule wa chungu. Madini yakizidiwa hupinda kwanza, na kwa kupinda humwonya fundi. Kauri haipindi, bali hupasuka ghafula. Na ndani ya injini kipande kimoja kikivunjika, vigae vyake huweza kuharibu vingine, hali abiria wako angani.

Dawa iliyopatikana yafanana na ukuta wa nyumba ya udongo. Udongo peke yake hupasuka na kuanguka, lakini ukikandikwa juu ya fito, ufa hauendi mbali. Basi nyuzi za silikoni kabidi, nyembamba kuliko unywele, hupakwa ngozi laini ya boroni naitraidi na kupangwa tabaka juu ya tabaka. Kisha katika tanuri silikoni iliyoyeyuka huingia na kujaza nafasi. Ufa ukitokea na kufika kwenye uzi, ile ngozi laini huugeuza njia, na uzi huendelea kushika.

Adui mwingine ni mvuke wa maji uliomo katika moshi, ambao hula silikoni kabidi polepole. Kwa hiyo hapana budi kila kipande kipakwe tabaka la kukikinga.

Mwaka 2016 injini iitwayo LEAP, ya ubia wa Marekani na Ufaransa, ilianza kuchukua abiria ikiwa na pete ya kauri hiyo kuizunguka turbini. Pete haizunguki, basi palikuwa mahali pa salama pa kuanzia. Injini hiyo hula mafuta pungufu kwa kiasi cha 15 katika 100 kuliko ile iliyoitangulia, ingawa si kwa sababu ya kauri peke yake. Ndege za Boeing 737 MAX, ambazo Shirika la Ndege la Tanzania lilipokea ya kwanza mwaka 2023, hutumia LEAP.

Lililo gumu zaidi ni panga lenyewe, ambalo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Majaribio yamefanywa katika injini ya ndege ya vita, lakini wastadi hawafanyi haraka. Mfinyanzi hugonga chungu kwa kidole kabla ya kukiuza, apate kusikia kama kina ufa. Na viwandani vipande vya kauri hupigwa picha za eksirei kwa sababu ile ile.