Kiti cha ngozi na mvua za huku milimani

Safari hii tunazungumza juu ya kitu ambacho watu hukikalia kila siku wala hawakiangalii, yaani kiti cha baiskeli. Hatusemi kile cha plastiki chenye sponji ndani. Tunasema kiti cha ngozi, chenye springi nyuma, cha zile baiskeli nzito tunazoziita Black Mamba. Pikipiki zimekuwa nyingi siku hizi, ni kweli, lakini ziko nyumba ambazo baiskeli ya baba sasa ni ya mtoto, na bado ndiyo inayobeba mtungi wa maziwa asubuhi na gunia la mboga jioni. Mwenye baiskeli kama hiyo kiti kikimwangusha, kazi imesimama.

Ukimuuliza mtu kwa nini kiti chake kimebonyea katikati kama karai, atakujibu, "Ni mvua." Jibu hilo ni nusu tu. Ngozi ikilowa mara moja na kukauka vizuri haifi. Kinachoiua ni mambo mawili ambayo mwenyewe anayafanya baada ya kunyeshewa: anakikalia kikiwa bado chepechepe, halafu anafika nyumbani anakikausha karibu na moto.

Ili tuelewane, inama uangalie chini ya kiti chako. Utaona kwamba ni kipande kimoja cha ngozi nene ya ng'ombe, kimevutwa kama ngoma kati ya chuma cha mbele na chuma cha nyuma, kikashikwa kwa ribiti. Hakuna ubao chini yake wala godoro. Unaning'inia juu ya ngozi tupu. Hiyo ndiyo raha yake, kwa sababu baada ya miezi michache ngozi hufuata umbo la mifupa yako wewe na si ya jirani. Mtindo huu ni wa zamani sana. Kule Uingereza John Boultbee Brooks, aliyeanza biashara ya vitu vya ngozi huko Birmingham mwaka 1866, alipata hataza ya kiti cha baiskeli mwaka 1882. Kampuni yake husimulia kwamba farasi wake alikufa, akaazima baiskeli, akaumizwa na kiti cha mbao. Viti vya namna hiyo vikaenda duniani pamoja na baiskeli kama za Raleigh, na baadaye viwanda vya India navyo vikavitengeneza.

Sasa, ngozi yenyewe ni nyuzi nyuzi zilizosokotana, kama gunia la katani, ila ni nyembamba mno. Ngozi ya kiti kizuri imetiwa dawa ya magome ya miti ili isioze. Hapa Kenya dawa ya namna hiyo imetoka sana katika magome ya muwati, mti uleule tunaoukata kwa kuni na makaa. Nyuzi zikiwa kavu zinashikana. Zikinywa maji zinateleza, mmoja juu ya mwenzake. Ukikaa wakati huo na kilo zako sabini, tena kwa barabara ya mawe, unazivuta, na zikikauka zinabaki pale ulipoziacha. Safari moja tu ya namna hiyo yaweza kukiharibu kiti kilichokaa miaka kumi.

Moto nao hufanya kinyume. Ngozi iliyolowa ikipata joto kali nyuzi zake hujikunja na kusinyaa, na hazirudi tena. Wengi wetu tumeona viatu vilivyowekwa kando ya mafiga usiku, asubuhi vimekuwa vigumu kama ubao na havimwingii mwenyewe. Kiti ni vilevile, isipokuwa chenyewe kimefungwa kwa ribiti huku na huku, kwa hiyo kikisinyaa hakina pa kwenda. Kinapasuka kwenye matundu ya ribiti.

Huku kwetu tuna shida ambayo watu wa tambarare hawana. Wundanyi iko kwenye kama mita 1,400 juu ya bahari, na Vuria inafika mita 2,208, lakini Voi iko chini huko, kwenye mita 600 hivi. Tuna masika ya Machi hadi Mei, tuna vuli ya Oktoba hadi Desemba, na hata katikati, ile miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, ukungu unashuka na kulowesha kila kitu bila tone la mvua kuanguka. Mtu anatoka alfajiri kwenye ukungu, anateremka kona kwa kona mpaka Mwatate, na saa sita yuko Voi kwenye jua linalochoma. Kiti kimelowa na kuchomwa siku moja. Afadhali basi, ukifika huko chini, uegeshe baiskeli kwenye kivuli, hata kama ni kivuli cha ukuta. Na kurudi, pale kwenye mlima ambapo kila mtu anasukuma kwa mkono, kiti angalau kinapumzika.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: maji mabaya zaidi hayatoki juu, yanatoka chini. Upande wa juu wa ngozi umelainishwa na kupakwa, hunywa maji polepole. Upande wa chini uko wazi, una manyoya manyoya kama blanketi, na gurudumu la nyuma linaurushia maji na matope moja kwa moja. Ndiyo maana utaona mtu amefunga mfuko juu ya kiti vizuri kabisa, na bado ngozi imelowa. Kinachokinga kiti ni madigadi. Kama ya nyuma imevunjika au uliitoa kwa sababu ilikuwa inapiga kelele, irudishe kabla ya masika. Asiye nayo na akate kipande cha dumu la plastiki, akifunge kwa waya kwenye vyuma vilivyo chini ya kiti. Si kizuri kwa macho lakini kinafanya kazi.

Mfuko wa juu haukatazwi. Uwe nao mfukoni, uuvalishe kiti unapoegesha nje au mvua inapoanza, kisha uutoe ukifika. Ukiuacha siku nzima na usiku kucha, unyevu unafungiwa ndani na kuvu inaota. Kuvu ikionekana, ile nyeupe kama unga, ifute kwa kitambaa kikavu na kuweka kiti penye hewa. Usikimwagie maji ya sabuni.

Na kikiwa kimelowa kabisa? Kama waweza kusukuma, sukuma. Kama safari ni ndefu, simama juu ya pedali kwenye mashimo na ukae kidogo iwezekanavyo. Ukifika nyumbani kifute juu na chini. Kikiwa bado na unyevu kirudishe umbo kwa mikono, sukuma yale mabawa ya pembeni yaingie ndani, kisha kizungushie ukanda wa mpira wa tyubu, bila kukaza sana, ili yasifunguke yanapokauka. Halafu kiache mahali pa kivuli penye upepo, barazani au chini ya ghala, siku moja au mbili. Ukiwa na spana kitoe kabisa uweke ndani, baiskeli ibaki nje. Jikoni hapana. Juu ya bati la moto pia hapana.

Kikishakauka ndipo unakipaka mafuta, na hapa ndipo mawazo ni mengi. Wako wanaopaka mafuta ya injini yaliyotumika. Hayo yanalainisha ngozi mpaka inakuwa kama chapati, na suruali yako ya Jumapili itaonyesha alama. Mafuta ya taa yanaondoa mafuta ya ngozi yenyewe. Mafuta ya kupikia ya maji maji yanaingia kwa wingi mno na mwisho yananuka. Rangi ya viatu inasaidia kidogo upande wa juu, ila hutoka kwenye nguo usipoisugua vizuri. Kinachofaa zaidi ni nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe yaliyochujwa, sehemu moja ya nta kwa sehemu mbili za mafuta. Weka kwenye mkebe, mkebe uuweke ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiuweke motoni moja kwa moja kwa maana mafuta hushika moto. Koroga, acha yapoe. Nta unaweza kuipata kwa wafugaji wa nyuki wa huku huku.

Paka kidogo, kama mtu anayejipaka usoni. Upande wa chini ndio upewe zaidi. Kiache usiku kucha, asubuhi ukisugue kwa kitambaa. Panya wanapenda mafuta hayo, kwa hiyo usiku huo kitundike. Mara tatu au nne kwa mwaka yatosha: kabla ya masika, kabla ya vuli, na moja katikati. Anayepaka kila wiki anakiharibu sawasawa na asiyepaka kamwe, kwa maana ngozi iliyojaa mafuta hulegea.

Chini ya pua ya kiti kuna nati. Ukiizungusha, chuma cha mbele kinasukumwa na ngozi inavutika. Vijana wakiiona hufurahi na kuikaza kila mara. Iguse tu ngozi inapokuwa imelegea kweli, ikiwa KAVU, na kwa robo mzunguko, kisha panda ujaribu. Ukiikaza ngozi ikiwa na maji utaipasua. Na ukiona weusi unazunguka ribiti, usifikiri ni kuoza. Kutu ya chuma ikikutana na dawa ya magome hutoa rangi nyeusi kama wino. Ni dalili tu kwamba maji yanasimama pale, paongeze nta.

Kiti kilichokwisha kubonyea bado si cha kutupwa. Endelea kukikalia hivyo na utaumia, kwa sababu uzito unaondoka kwenye mifupa unaingia katikati, miguu inakufa ganzi, na chuma cha chini kinakugonga kwenye kila shimo. Mpelekee fundi wa viatu, si lazima wa baiskeli. Atatoboa matundu kwenye mabawa yote mawili na kuyafunga kwa kamba kupita chini ya kiti, kama unavyofunga kiatu. Ngozi inarudi juu. Ikiwa imepasuka kabisa, aweza kukata ribiti na kuweka ngozi mpya kwenye vyuma vile vile, mradi awe na ngozi nene. Ile ya pochi haitachukua mwezi.

Je, kila mtu awe na kiti cha ngozi? Hapana. Kama baiskeli yako inalala nje mwaka mzima, nunua cha plastiki upate amani. Lakini kama ina mahali pa kulala, cha ngozi kitakufaa zaidi, na ukikinunua kilichotumika kichunguze kwanza. Bonyeza kwa kidole gumba, kirudi chenyewe. Kikunje kidogo pembeni uone kama kuna nyufa. Angalia matundu ya ribiti, kisha ile nati: kama imekwisha kazwa mpaka mwisho, mwambie muuzaji akupunguzie, kwa sababu ngozi mpya utainunua wewe.