Sekunde Moja na Nusu Kabla ya Breki

Msimu wa korosho unapowadia, malori yaelekeayo Bandari ya Mtwara huongezeka, nayo hupishana na bodaboda, baiskeli na watoto watokao shuleni. Mtoto akikatiza barabara ghafla pale Mikindani, mwili wa dereva hufanya nini?

Jicho humwona, ubongo hutambua hatari na kuamua, ndipo mguu hukanyaga breki. Kwa kawaida hatua hizo huchukua takriban sekunde moja na nusu. Katika muda huo, gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, husogea mita 21. Liendalo kilomita 80, mita 33. Kwenye lami kavu, gari dogo la mwendo wa 50 husimama kabisa baada ya mita 35 hivi. Katika umbali huohuo, lile la 80 ndiyo kwanza linaanza kupunguza mwendo. Mtoto aliyenusurika mbele ya gari la kwanza angegongwa na la pili kwa nguvu karibu yote. Lori lenye shehena huhitaji umbali mrefu zaidi.

Pombe, uchovu, simu na dawa zinazosinzisha, kama vile klofeniramini na diazepamu, huirefusha sekunde hiyo moja na nusu. Kwa hiyo, mhudumu wa afya, kabla ya kutoa dawa hizo muulize mgonjwa kama anaendesha chombo cha moto. Nawe mgonjwa, usisubiri kuulizwa: sema.