Tovuti na Wasioona

Watu wengi hudhani kwamba tovuti nzuri ni ile yenye rangi nyingi na picha zichezazo. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka muhula uliopita, nilipoketi na mwenzetu mmoja asiyeona katika chumba cha kompyuta. Alitaka kujaza fomu ya kuomba msaada wa masomo. Kompyuta aliyoitumia ina programu isomayo skrini kwa sauti. Fomu ilipofunguka, sauti ilisema, "Sehemu ya kuandika, sehemu ya kuandika, picha," isieleze ni sehemu ya kuandika nini. Ikambidi anitajie mimi shida zote za nyumbani kwao, nami nimjazie. Yeye hakulalamika, lakini mimi niliona haya.

Basi, kosa liko wapi? Kurasa za tovuti huandikwa kwa HTML, lugha aliyoibuni Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, huko Uswisi. Katika lugha hiyo kila kitu kina alama yake: kichwa cha habari, kiungo, picha, kitufe. Programu ya sauti haioni rangi. Hufuata alama hizo. Sehemu ya fomu isipofungwa na jina lake, asiyeona hajui aandike nini. Picha isipopewa maelezo, kwake ni giza.

Kitufe nacho kikiandikwa kwa alama yake, hufikiwa na kubonyezwa kwa kibodi bila kipanya. Lakini waundaji wengine wa siku hizi huchukua kisanduku kitupu, wakakipaka rangi, kisha wakakifanya kiitikie kipanya kwa JavaScript. Kwa macho ni kitufe. Kwa masikio si kitu.

Tena yafaa ukurasa utaje lugha yake mwanzoni. Ukurasa wa Kiswahili usipotaja, programu yaweza kuusoma kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji asiambulie neno.

Mambo haya si mapya. Shirika la W3C lilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1999, na toleo la 2.2 likatoka mwaka 2023. Mwongozo huo wataka pia maandishi ya kawaida yapambanuke na rangi ya nyuma kwa kiasi cha 4.5 kwa 1, jambo litufaalo hata sisi tusomao simu juani.

Sisemi kwamba zana mpya ni mbaya. Zana za kukagua kurasa hugundua picha isiyo na maelezo, lakini haziwezi kujua kama maelezo yaliyopo ni ya kweli. Kwa hiyo hapana budi mtu ajaribu mwenyewe. Ninyi mnaojifunza kuunda tovuti, wekeni kipanya kando, fumbeni macho, mjaze fomu zenu kwa kibodi na sauti tu.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ni kweli, lakini asiyeweza kuufungua ataingiaje?