Je, Wajua? Tumbo la Mzazi Lina Ratiba Yake

Mfuko wa uzazi wa mwanamke asiye na mimba hutosha kiganjani. Uzito wake ni gramu 60 hivi. Siku ya kujifungua huwa umefika takriban kilo 1. Ndiyo maana mzazi hutoka leba na tumbo ambalo bado linaonekana la miezi mitano au sita, na jirani asiye na haya akauliza kama kuna pacha aliyebaki ndani.

Mfuko huo hurudi taratibu, kwa wiki 6 hivi. Hesabu siku: 42. Wazee wa pwani, bila mizani, walimweka mzazi ndani siku 40, akikandwa kwa maji ya moto na kufungwa kanga tumboni. Kanga huegemeza mgongo na misuli iliyolegea. Kuusinyaza mfuko, hapana. Kazi hiyo ni ya homoni iitwayo oksitosini, inayomwagika mtoto anaponyonya. Ule msokoto wa tumbo wakati wa kunyonyesha, mkali zaidi kwa uzazi wa pili au wa tatu, ni mfuko unaojikunja.

Ngozi na misuli ya tumbo havina haraka hiyo, huchukua miezi. Michirizi hufifia, lakini haifutiki yote, hata ukinunua mafuta ya bei mbaya. Na nywele zinazong'oka kwa mafungu mwezi wa tatu au wa nne? Ni zile ambazo mimba ilizizuia zisidondoke kwa wakati wake. Zitaota.