Uwanja mpya wa ndege Pwani? Uliza haya kabla hujanunua ploti

Stori hii umeshaisikia. Mwanasiasa anapanda jukwaani, anaahidi uwanja mpya wa ndege, na kabla vumbi la mkutano halijatulia broka keshakupigia simu: "Kuna ploti karibu na uwanja, wiki ijayo bei inapanda. Changamka!"

Tulia kwanza. Kati ya ahadi na ndege ya kwanza kutua kuna utafiti mrefu wa kubaini kama mradi wenyewe unawezekana. Na jibu la utafiti huo linaweza kuwa "hapana". Haya hapa ni maswali manne ya kumwuliza yeyote anayekuletea habari hizo.

Abiria watatoka wapi? Pwani ya Kenya tayari ina uwanja wa kimataifa wa Moi kule Mombasa, na vingine Malindi, Ukunda na Manda, Lamu. Tangu 2017 treni ya SGR nayo inabeba wasafiri kati ya Nairobi na Mombasa. Njia za kurukia ndege za Malindi na Ukunda ni fupi, hazipokei ndege kubwa. Sasa je, si rahisi kurefusha iliyopo kuliko kuanza upya?

Upepo unasemaje? Ukiwa na babu mvuvi, kaskazi na kusi unazijua. Rubani naye anazihitaji, kwa sababu ndege hutua ikiuelekea upepo. Viwango vya kimataifa vinapendekeza njia ielekezwe ili itumike angalau asilimia 95 ya wakati, na rekodi za upepo zinazotumika ziwe za miaka isiyopungua mitano. Kama hakuna rekodi, hapo bado ni maneno tu.

Ardhi na bahari zitakubali? Japani ilijenga uwanja wa Kansai juu ya kisiwa bandia karibu na Osaka, kelele zisiwasumbue watu wa mjini. Ulifunguliwa 1994. Lakini chini ya bahari kuna udongo laini, na kisiwa cha kwanza kimedidimia zaidi ya mita 10 tangu ujenzi uanze. Septemba 2018 kimbunga Jebi kiliufurika uwanja huo, meli ikagonga daraja lake, na maelfu ya watu wakakwama humo. Hiyo ni nchi tajiri yenye wahandisi wa kutegemewa. Kwetu kuna mikoko inayozuia mawimbi na kulea samaki. Ukiifyeka, mvuvi anaumia kabla ya abiria wa kwanza kushuka. Ndiyo maana sheria ya mazingira ya 1999 inataka mradi kama huu ufanyiwe tathmini ya athari kupitia NEMA.

Nani atahamishwa? Hapa ndipo moto ulipo. Upanuzi wa uwanja wa Malindi umezungumzwa kwa miaka mingi, na suala la ardhi na fidia limeuchelewesha. Familia nyingi za Pwani zimeishi na kulima mahali pamoja vizazi na vizazi bila hatimiliki. Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka mwenye ardhi inayotwaliwa alipwe fidia kamili na ya haki, tena bila kucheleweshwa. Kifungu hicho hicho kinaruhusu fidia pia kwa anayeishi hapo kwa nia njema bila hati. Ona tofauti: wa kwanza ni lazima alipwe, wa pili *anaweza* kulipwa.

Kwa hivyo kama shamba la nyanya yako liko karibu na panapotajwa, wewe mwenye simu nzuri una kazi. Piga picha za nyumba, minazi, miembe na makaburi. Andika majina ya wazee wanaoijua mipaka. Fuatilia gazeti rasmi la serikali, maana ndimo Tume ya Ardhi hutangaza ardhi inayotwaliwa. Baraza la maoni likiitishwa, nenda, usimwachie mzee peke yake.

Na broka akipiga tena, mwulize: ripoti ya utafiti iko wapi? Akianza kuzungukazunguka, kata simu.